Kabla hujamwingiza Mama kwenye jaribio la dawa

Siku tuliyokwenda kuulizia jaribio la dawa, muuguzi wa utafiti alimgeukia Mama akamwuliza, "Mama, huku kujichezea kwa mwili kunakusumbua?" Nikajibu mimi. "Kunamsumbua sana, dada. Hata kikombe hakishiki sawasawa." Muuguzi akasema kwa upole kwamba anaomba kusikia kwa Mama mwenyewe.

Mama alikuwa kitini, bega la kushoto likipanda na kushuka, shingo ikijipinda taratibu, mguu mmoja ukisugua sakafu bila kutumwa. Akafikiri kidogo. "Kunanichosha ikifika jioni," akasema. "Lakini kinachoniogopesha mimi ni kukwama."

Nilikuwa nimemuuguza miaka saba na swali hilo sikuwahi kumwuliza.

Haya nimemwandikia yeyote anayemuuguza mzazi, mwenza au ndugu mwenye ugonjwa wa Parkinson, ambaye dawa zimemrudishia mwendo lakini zimemletea mijongeo asiyoitaka, na sasa pana habari ya dawa mpya inayojaribiwa. Mimi si daktari. Nimekaa kwenye viti vya kusubiri, nimejaza madaftari, nimekosea mara kadhaa, na makosa mawili kati ya hayo natamani wewe usiyarudie.

Mijongeo hii inatoka wapi

Watu wengi wakimwona mgonjwa anayumba na kujinyonga hudhani ndiyo Parkinson yenyewe imepamba moto. Mwaka 2006 mwigizaji Michael J. Fox alionekana kwenye tangazo la televisheni huko Marekani akiyumba mwili mzima, na mtangazaji mmoja maarufu wa redio akamtuhumu kwamba ama anaigiza ama hakumeza dawa zake. Kumbe dawa alikuwa amemeza. Parkinson yenyewe humfanya mtu awe mzito: hatua fupi, uso usiobadilika, mkono unaotetemeka hata ukiwa umepumzishwa mapajani. Kule kuyumba na kujipinda huitwa diskinesia, na huja na matibabu.

Dawa inayohusika hasa ni levodopa. Katika Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, hufa kidogo kidogo, na levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa dopamini hiyo inayokosekana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa dawa hii sungura waliokuwa wamezimwa kwa dawa nyingine hata hawasogei, nao wakaamka. Miaka 10 baadaye George Cotzias, huko Marekani, alionyesha kwamba binadamu akipandishiwa dozi polepole anaweza kuivumilia na kurudishiwa mwendo. Lakini tangu ripoti zile za mwanzo kabisa, baadhi ya waliosimama na kutembea walianza pia kujipinda. Diskinesia ni ya tangu siku hizo.

Daktari wetu alitueleza kwa mfano wa ghala, na sijapata mfano bora zaidi. Levodopa haikai sana kwenye damu. Baada ya saa moja na nusu hivi, nusu yake imeshaondoka. Miaka ya mwanzo hilo halimsumbui mgonjwa, kwa sababu seli zilizobaki huipokea, huiweka ghalani na kuitoa kidogo kidogo. Miaka ikienda, seli hupungua na ghala hubomoka. Sasa kila kidonge kinashuka kama mafuriko, kisha unafuata ukame, kisha mafuriko tena. Ubongo uliozoea rasharasha hauwezi kuzoea hali hiyo, na sehemu zinazoamuru misuli hubadilika. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kama wagonjwa 4 kati ya 10 baada ya miaka 4 hadi 6 ya kutumia levodopa, na wanaoanza kuugua wakiwa vijana huwa katika hatari zaidi.

Hapo ndipo lilipo kosa langu la kwanza. Niliposikia kwamba dawa ndiyo inayoleta kuyumba, niliamua kuipunguza bila kumwambia mtu. Nilikata vidonge nusu. Siku ya tatu Mama alikwama mlangoni mwa bafu, miguu imegandamana na sakafu, akaanguka. Hakuvunjika, lakini uso wake siku ile siusahau. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kukatisha levodopa ghafla kunaweza kumtia mgonjwa katika homa kali na kukakamaa kwa mwili mzima, hali inayoweza kuua. Nakuomba usiguse dozi bila daktari, hata kama nia yako ni njema.

Na wala usiamini yale maneno kwamba levodopa "ina muda wake", kwamba ukiianza mapema utaimaliza mapema. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao wengi huchelewa kuipata dawa, na wagonjwa wa Italia ambao huipata mapema. Matokeo yao yalitoka mwaka 2014. Waghana walianza levodopa wakiwa wameugua muda mrefu zaidi, lakini diskinesia ilipokuja, ilikuja karibu katika umri uleule wa ugonjwa kama kwa Waitalia. Kilichokuwa na uzito ni umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, si miaka ya kumeza. Jaribio jingine lililotangazwa mwaka 2019, lenye wagonjwa 445, lilionyesha kwamba walioanza levodopa mapema hawakupata diskinesia zaidi ya waliocheleweshwa kwa wiki 40. Mama aliteseka karibu mwaka mzima wa kwanza akiogopa kuanza dawa kwa sababu ya maneno ya watu. Mwaka ule ulipotea bure.

Jaribio huanzia nyumbani, kwenye daftari

Nyumbani tulikuwa na maneno yetu: dawa "imewaka" na dawa "imezima". Ikiwaka, Mama anatembea, anaongea, anashona. Ikizima, anakuwa kama amefungwa kamba. Nilidhani diskinesia ni kitu kimoja kinachokuja dawa ikiwaka sana, basi. Muuguzi alituonyesha kwamba ziko za aina mbalimbali, na kuzichanganya kunaweza kukuletea dawa isiyo yako.

Ile iliyo ya kawaida huja kilele cha dozi kinapofika, kiwango cha dawa kikiwa juu kabisa. Nyingine huja mara mbili kwa kila kidonge, dawa inapopanda na inapoisha, na katikati mtu anatulia. Hii hushika miguu zaidi na huchosha mno. Halafu kuna kule kukakamaa kwa maumivu, hasa vidole vya mguu kujikunja alfajiri kabla ya kidonge cha kwanza, ambako si dawa kuzidi bali ni dawa kuisha. Majaribio mengi ya dawa hulenga ile ya kilele. Ukimpunguzia levodopa mtu mwenye ile ya kupanda na kushuka, unaweza kumwongezea shida badala ya kumwondolea.

Utazijuaje? Kwa saa na kalamu. Tulipewa shajara ambayo siku nzima imegawanywa katika nusu saa 48, na kila nusu saa mgonjwa anatia alama moja kati ya tano: amelala, dawa imezima, dawa imewaka bila diskinesia, imewaka na diskinesia isiyosumbua, imewaka na diskinesia inayosumbua. Ni kazi rahisi kuisoma, na ni ngumu kuifanya. Ushauri wangu ni kwamba ijazwe palepale, nusu saa ikiisha, si jioni kwa kukumbuka. Tulipojaribu kujaza jioni, Mama aliikumbuka saa mbaya moja tu na kuipaka siku nzima rangi yake.

Zile alama mbili za mwisho ndizo zilizotugombanisha. Alikuja mgeni kumjulia hali, Mama akawa anayumba huku wakizungumza na kucheka. Mimi nikatia alama ya "inayosumbua". Alipoiona akakasirika. "Ilimsumbua nani?" akauliza. "Nimeongea, nimecheka, nimemwaga chai?" Hakumwaga. Kwenye maelezo ya shajara ile, inayosumbua ni ile inayomzuia mtu kufanya shughuli zake au inayomtia adha ya kweli. Aibu yangu haikuwa na kisanduku pale. Tangu siku hiyo kalamu ikawa ya Mama peke yake.

Kwa haki yake, nami nilikuwa na la kusema. Kuna wagonjwa wasiojua kabisa kwamba mwili wao unayumba. Mama mwenyewe aliamini kichwa chake kimetulia mpaka nilipomwonyesha video. Kwa hiyo piga video kwa simu, dakika mbili tu, saa ya ukutani ikionekana nyuma yake, lakini kwa idhini yake. Video tatu za saa tofauti zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote ya nusu saa. Zilimwonyesha pia kitu tusichokuwa tumekigundua: kuyumba kukubwa zaidi kulikuwa kwa alasiri, baada ya kidonge cha tatu, kwa sababu dozi zilikuwa zinapandiana. Alisogeza saa za vidonge na kugawa dozi upya, na robo nzuri ya tatizo ikaondoka kabla ya dawa yoyote mpya. Nimekutana na familia zilizokimbilia majaribio wakati saa za vidonge hazijawahi kupangwa vizuri. Anzia hapo.

Kilichotokea ndani ya jaribio

Kabla ya kukubaliwa, Mama alipimwa damu, figo, moyo, akaulizwa maswali ya kumbukumbu na kama huona vitu visivyokuwepo. Dawa zake zote zilitakiwa ziwe hazijabadilishwa kwa wiki kadhaa. Hapo ndugu mmoja, kwa mapenzi kabisa, alikuwa ametuletea unga wa mbegu za upupu aliousikia kuwa ni tiba ya Parkinson. Hakudanganywa kabisa: mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Ndiyo maana ni hatari kuuchanganya na vidonge. Unamwongezea mgonjwa levodopa usiyojua kipimo chake, unaongeza diskinesia, na kwenye jaribio unaharibu kila kitu kinachopimwa. Niliwaambia watafiti ukweli. Walitushukuru, wakatuomba tuuache na kusubiri kabla ya kuanza. Lolote analomeza, hata la asili, litaje.

Siku ya kipimo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na hakuna aliyetuandaa. Mama alitakiwa aje bila kumeza dawa tangu usiku, ili wamwone akiwa amezima, kisha wampe dozi na kumrekodi ikiwaka. Kumvalisha asubuhi ile kulituchukua saa nzima. Ukipangiwa siku kama hiyo, tafuta mtu wa pili wa kukusaidia, tafuta kiti cha magurudumu mapema, na mwambie mgonjwa waziwazi kwamba saa zile zitakuwa mbaya lakini zina mwisho. Dawa ilipowaka walimtaka afanye mambo manne mbele ya kamera: aongee, anywe kikombe cha maji, avae koti na kulivua, atembee. Hupewa alama kwa kipimo kinachofika 104, na ndani ya hesabu hiyo yamo pia anayoyasema mgonjwa mwenyewe; daftari lake huangaliwa kando. Nilipenda hilo. Kamera inaona bega; haioni hofu.

Kisha tukapewa vidonge. Nusu ya washiriki walipewa dawa inayojaribiwa na nusu walipewa kidonge kitupu, plasebo, kinachofanana nayo kwa rangi na umbo. Sisi hatukujua, na daktari aliyekuwa akimpima Mama naye hakujua. Fomu ilieleza hivyo, tuliisoma, tukatia saini. Lakini moyoni nilikuwa na hakika kwamba Mama kapata dawa, kwa sababu wiki ya pili alibadilika. Bega lilitulia. Alishona pindo la shuka kwa mkono. Alama zake zilishuka. Nilimpigia simu dada yangu nikilia kwa furaha.

Jaribio lilipokwisha na orodha kufunguliwa, tuliambiwa Mama alikuwa kundi la kidonge kitupu.

Nilikasirika, na nilimkasirikia Mama kidogo, jambo ninalojutia, kana kwamba alikuwa ametudanganya. Hakumdanganya mtu. Katika Parkinson matumaini yana kemikali yake. Mwaka 2001 watafiti nchini Canada walitumia picha za ubongo kuonyesha kwamba mgonjwa akipewa kitu kitupu akitarajia dawa, ubongo wake hutoa dopamini. Shuka lile lilishonwa kweli. Lakini hii ndiyo sababu dawa za ugonjwa huu haziwezi kuaminiwa mpaka zipite kwenye mtihani wa kulinganishwa na kidonge kitupu, na ndiyo sababu nakusihi usiidharau nafasi ya aliye kwenye kundi hilo. Bila Mama na wenzake, hakuna ambaye angejua kama dawa inafanya kazi au la.

Dawa nyingi zimeangukia hapo. Mavoglurant ilianza vizuri kwenye tafiti ndogo, lakini majaribio makubwa zaidi, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba haikushinda kidonge kitupu. Sarizotan nayo ilitia moyo wakati kila mtu alijua anachomeza, ikashindwa walipofichwa. Nyingi hujaribiwa kwanza kwa nyani waliopewa kemikali iitwayo MPTP, ambayo ilijulikana mwaka 1982 huko California baada ya vijana waliojidunga dawa ya kulevya yenye kemikali hiyo kugandamana kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Nyani hutulia, watu wakafurahi, kisha binadamu anakuja na matarajio yake na hesabu inavurugika.

Hata hoja nzuri ya kisayansi haitoshi. Kwa kuwa tatizo ni mafuriko na ukame, watafiti walifikiri kwamba wakiongeza entakaponi, inayoifanya levodopa idumu zaidi kwenye damu, tangu siku ya kwanza ya matibabu, diskinesia itachelewa. Jaribio la wagonjwa 747 lililotolewa mwaka 2010 lilionyesha kinyume: waliopewa mchanganyiko huo walipata diskinesia mapema zaidi. Ukisikia mtu anakueleza dawa mpya kwa mantiki tamu, kumbuka wagonjwa hao 747.

Uliza kwanza habari ya dawa iliyokwisha kujaribiwa

Hili ndilo kosa langu la pili. Tulikimbilia dawa isiyojulikana kabla ya kuijaribu inayojulikana.

Amantadini ilianza kama dawa ya mafua makali, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1966. Mwaka 1968 mwanamke mmoja mwenye Parkinson aliimeza kujikinga na mafua, akaona ukakamavu na mtetemo umepungua, na alipoacha vikarudi. Akamwambia daktari wake, daktari akamsikiliza, na mwaka 1969 habari ikachapishwa. Miaka ya 1990 ndipo ilipogunduliwa kwamba inatuliza pia diskinesia. Jaribio dogo la mwaka 1998 lililotumia plasebo liliona imepungua kwa asilimia 60. Haifanyi kazi kwa kupunguza levodopa. Inazuia mlango wa glutamati, kemikali nyingine ya ubongo inayopita kiasi katika hali hii. Agosti 2017 aina yake inayotoka polepole, inayomezwa wakati wa kulala, ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mahsusi kwa diskinesia ya Parkinson.

Mama alianzishiwa amantadini ya kawaida miezi mitatu baada ya jaribio. Alitulia kwa kiasi, na safari hii hakurudi nyuma wiki zilizofuata. Lakini haikuja peke yake. Vifundo vya miguu vilivimba, na ngozi ya miguu ikatoka madoa ya zambarau yaliyosukwa kama wavu. Daktari alituambia ni jambo linalojulikana kwa dawa hii. Dozi ilipopandishwa, usiku mmoja Mama aliniambia nisiwaamshe watoto waliolala pembeni mwa kitanda. Hakukuwa na watoto. Aliongea kwa utulivu kabisa, na ndiyo iliyonitisha zaidi. Dozi ikarudishwa chini, taratibu, si kwa siku moja, na watoto wale wakaondoka. Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo mzee ambaye figo zake zimechoka inaweza kumjaa haraka. Kabla ya kuianza dai kipimo cha figo. Na ukiona mgonjwa anaongea na asiyekuwepo, piga simu siku hiyohiyo, usimfiche kwa kuona aibu.

Njia nyingine zipo kwa ambao vidonge haviwatoshi: pampu zinazotiririsha dawa mfululizo, na upasuaji wa kuweka waya wa kusisimua ubongo. Sisi hatujafika huko, kwa hiyo sitakushauri juu ya nisichokiishi.

Maswali ya kuuliza kabla ya saini

Fomu ya ridhaa ilete nyumbani. Usiisaini siku uliyoipewa. Jaribio halali halitakukimbiza, lina kamati ya maadili iliyolipitisha, na jina la kamati hiyo na namna ya kuipata vimeandikwa ndani ya fomu, visipoonekana, ondoka. Uliza ni awamu ya ngapi: ya kwanza inatafuta usalama kwa watu wachache, ya pili inatafuta dozi na dalili kwamba dawa inafanya kazi, ya tatu ndiyo mtihani mkubwa. Uliza nani atagharamia matibabu mgonjwa akidhurika. Uliza nauli. Uliza namba ya kupiga saa nane za usiku, kisha ipige siku moja kabla hamjaanza uone kama inapokelewa.

Uliza pia kinachofuata baada ya jaribio. Kama dawa itamfaa, ataendelea kuipata, au itakatwa siku ya mwisho? Sisi hatukuuliza, na nimewahi kukaa kwenye benchi na mzee mmoja aliyetulia kabisa ndani ya jaribio, kisha dawa ikachukuliwa. Alikuwa na haki ya kuambiwa mapema ili moyo wake ujiandae.

Haki ya kujitoa ni ya mgonjwa wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Lakini ajitoe kwa kuwaambia, ili washushe dozi kwa utaratibu. Na kama kumbukumbu bado ni nzima, mwenye kusaini ni yeye. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu tayari, Mama akaninyang'anya.

Wiki iliyopita muuguzi yuleyule alipiga simu. Kuna dawa nyingine inajaribiwa, na Mama anaweza kufaa. Safari hii sikujibu chochote, nilimpelekea simu. Fomu iko mezani kwake tangu Jumatatu, karibu na shajara. Amesoma kurasa nne kwa saa zile ambazo dawa imewaka, na pembeni ameandika maswali matatu kwa mwandiko uliopandapanda. La kwanza amelipigia mistari miwili: "Ikituliza mwili, itanikwamisha?"